SARAFU YENYE HERUFI MBILI MBILI: HAZINA AU KOSA LA MTAMBO?

Jifunze kuitazama kabla hujaiuza, na kabla hujatoa pesa yako kwa ajili yake

Ndugu msomaji, ni nyumba chache katika nchi yetu zisizokuwa na kopo la sarafu za zamani. Pengine ni kopo la maziwa ya unga, pengine ni kibweta cha marehemu babu, au ni kitambaa kilichofungwa fundo na kusahauliwa chini ya kanga sandukuni. Ndani yake mna senti zilizotoboka katikati, shilingi zenye picha ya simba, na labda kipande kimoja au viwili vya nchi za mbali ambavyo hakuna ajuaye vilifikaje hapo.

Kopo hilo hukaa kimya miaka mingi. Kisha siku moja hutokea mtu, mtanashati, mwenye maneno matamu, akasema kwamba ndani yake mmelala utajiri. Ni kwa ajili ya siku hiyo makala haya yameandikwa.

Mwezi uliopita, Jumamosi moja alasiri, alinijia jirani yangu, mama mtu mzima aliyekwisha kupita umri wa miaka sabini. Nilimwamkia, "Shikamoo, Bibi." Akaitika, "Marahaba, mjukuu wangu," kisha akaketi mkekani na kufungua fundo la kanga yake. Akatoa sarafu moja kubwa ya fedha iliyopoteza mng'ao wake. Ilikuwa ya marehemu mumewe, aliyekuwa baharia. Katika uhai wake alizoea kusema kwamba aliipata bandarini, asitaje bandari gani.

"Nimeambiwa herufi zake zimeandikwa mara mbili," alisema Bibi. "Nimeambiwa ni nyumba nzima hii, mjukuu wangu, tena ya matofali. Lakini kwanza nitoe shilingi laki mbili za kuipimisha."

Aliyemwambia hayo ni dalali mmoja wa vitu vya kale, ambaye jina lake halina haja ya kutajwa hapa. Laki mbili hizo Bibi alikuwa nazo. Zilikuwa sehemu ya karo ya mjukuu wake anayesoma chuo cha ufundi, na zilitakiwa chuoni kabla ya mwisho wa mwezi. Alitaka neno langu moja tu: azitoe au asizitoe?

Sikuwa na jibu. Mimi ni mwandishi wa habari, si bingwa wa sarafu. Nilimwomba siku saba, nikazitumia kusoma na kuuliza. Niliyoyapata ndiyo haya ninayokuletea, ndugu msomaji, kwa kuwa naamini Bibi si peke yake.

SARAFU YENYEWE

Sarafu ya Bibi ni nusu dola ya Marekani. Upande mmoja una kichwa cha Christopher Columbus, na upande wa pili una merikebu yake, Santa Maria, ikielea juu ya duara mbili za dunia, na mwaka 1492 umegawanywa huku na huku. Chini kabisa pana mwaka 1893.

Hii ndiyo sarafu ya kwanza ya kumbukumbu kutolewa na Marekani. Ilitengenezwa mwaka 1892 na 1893 kwa ajili ya maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika katika jiji la Chicago, kuadhimisha miaka 400 tangu safari ya Columbus. Bunge la nchi hiyo liliruhusu zitengenezwe milioni 5. Wenye maonyesho waliziuza dola moja kila kipande, yaani maradufu ya thamani iliyoandikwa juu yake, wakitumaini kupata fedha za kugharimia shughuli. Kampuni ya Remington, yenye kutengeneza mashine za kuandikia, ilinunua ile ya kwanza kabisa kwa dola 10,000 ili kujitangaza.

Lakini watu wa kawaida hawakuona sababu ya kutoa dola moja wapewe nusu dola. Nyingi zilibaki. Nyingine ziliyeyushwa, na nyingine zikaachiwa sokoni kwa thamani yake ya kawaida, zikanunua mkate na tumbaku kama sarafu nyingine yoyote. Ndiyo maana zipo nyingi hadi leo, na ndiyo maana si ajabu moja kuwa ilipita mikono mingi hata ikaangukia katika mfuko wa baharia wa pwani yetu.

Kumbe basi sarafu hii kwa yenyewe si adimu. Iliyochakaa haipandi sana juu ya bei ya fedha iliyomo ndani yake. Madai yote ya dalali yalisimama juu ya jambo moja tu: zile herufi mbili mbili.

SARAFU HUZALIWAJE?

Ili tuelewe jambo hilo, hapana budi tuingie kiwandani. Sarafu haichongwi moja moja, bali hugongwa. Kisahani kitupu cha madini huwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma cha pua, mmoja juu na mmoja chini. Mtambo huishusha mihuri hiyo kwa nguvu za tani nyingi, na kwa pigo moja kisahani hupata sura pande zote mbili.

Muhuri huo una picha iliyozama, ili sarafu itoke na picha iliyoinuka. Nao muhuri wenyewe una mama yake. Kiwandani hutunzwa nguzo ya chuma kigumu yenye picha iliyoinuka kama ya sarafu. Tuiite muhuri mama. Muhuri mama hukandamizwa juu ya chuma laini, na hapo huzaliwa muhuri wa kazi. Muhuri mmoja wa kazi huweza kugonga maelfu na maelfu ya sarafu kabla haujachakaa au kupasuka, kisha hutupwa na kuwekwa mwingine.

Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Katika zama hizo pigo moja la muhuri mama halikutosha kuizamisha picha barabara. Kila chuma kilipokandamizwa kiligeuka kigumu, kikabidi kitiwe motoni kilainike, kisha kirudishwe chini ya muhuri mama kikandamizwe tena. Fundi alitakiwa akilaze pale pale kilipokuwa mwanzo. Akikosea kwa upana wa unywele tu, picha ya pili haikuangukia juu ya ile ya kwanza. Ilikaa ubavuni mwake. Muhuri huo ukapata herufi mbili mbili, na kila sarafu iliyotoka chini yake ikarithi kasoro hiyo hiyo, mahali pale pale, kwa kiasi kile kile, kama watoto wa mama mmoja wenye alama moja shavuni.

Huo ndio udufu wa kweli. Nao ndio wanaoutafuta wakusanyaji wa sarafu duniani kote.

MIFANO MIWILI MASHUHURI

Mwaka 1909 Marekani ilitoa senti moja mpya yenye kichwa cha Rais Abraham Lincoln, kuadhimisha miaka 100 tangu kuzaliwa kwake. Baadhi ya senti hizo, zile zenye herufi V.D.B. za msanii wake Victor David Brenner, zina udufu unaoonekana katika neno LIBERTY na katika tarakimu za mwaka. Ni udufu mdogo. Asiye na kioo cha kukuzia hupita juu yake bila kuuona.

Mfano wa pili ni wa senti hiyo hiyo, lakini ya mwaka 1955. Katika kiwanda cha Philadelphia muhuri mmoja wenye udufu mkubwa ajabu uliwekwa kwenye mtambo bila kutambuliwa. Kosa lilipogunduliwa, maelfu ya senti hizo zilikuwa zimekwisha kuchanganyika na nyingine nzima. Wakubwa wa kiwanda waliona ni hasara kuziyeyusha zote kwa ajili ya hizo chache, wakaziachia zitoke. Inakadiriwa kuwa zaidi ya 20,000 zilifika mikononi mwa watu, nyingine zikiwa chenji iliyobandikwa kwenye pakiti za sigara zilizouzwa na mashine. Katika senti hizo tarakimu na maneno huonekana mara mbili hata kwa macho matupu. Leo hii mnunuzi hulipa mamia, na hata maelfu ya dola, kulingana na hali ya sarafu.

Mtu aliyeisikia hadithi hiyo nusu nusu ndiye awezaye kumwambia Bibi yetu kwamba ana nyumba ya matofali ndani ya fundo la kanga.

UDUFU WA UONGO

Tatizo ni kwamba upo udufu mwingine, tena ni mwingi kupita ule wa kweli. Huo hautoki kwenye kuzaliwa kwa muhuri, bali kwenye pigo lenyewe. Muhuri ukilegea katika mtambo, mara baada ya kugonga hutikisika kidogo na kuisukuma pembeni picha iliyokwisha kuinuka. Madini ya herufi hulala upande mmoja. Mtazamaji huona kitu kama kivuli, akafurahi.

Udufu wa aina hiyo hauna bei yoyote ya ziada. Ni kama kitambaa kilichochapwa vibaya: dosari, si hazina. Kadhalika, muhuri uliotumika mno huchakaa, na kingo za herufi zikatawanyika na kufifia kama wino uliolowa maji. Huo nao ni uchakavu tu.

Utazitenganishaje aina hizi? Shika mambo matatu.

La kwanza, tazama kimo. Katika udufu wa kweli picha zote mbili zimeinuka na kuumuka, kila moja ina mwili wake. Katika udufu wa uongo ile ya pili ni bapa na imelala chini, mithili ya kidaraja kilichokatwa ubavuni mwa herufi.

La pili, tazama unene. Udufu wa kweli huongeza, na herufi huwa nene kuliko kawaida. Udufu wa uongo huiba, kwa sababu kidaraja kimemegwa kutoka katika mwili wa herufi yenyewe, nayo hubaki nyembamba.

La tatu, tazama ncha. Herufi nyingi za sarafu zina vimkia katika miisho yake. Katika udufu wa kweli vimkia hivyo hugawanyika, pakawa na pengo dogo la wazi katikati, kama ulimi wa nyoka. Katika ule wa uongo pengo hilo halipo.

VITUKO VYA MIHURI

Udufu si jambo pekee linalotafutwa. Wakusanyaji hutafuta pia tofauti za mihuri, yaani alama ndogo ndogo zinazoonyesha kwamba sarafu mbili zinazofanana zilitoka chini ya mihuri tofauti. Zamani, katika viwanda vingi, baadhi ya kazi za mwisho zilifanywa kwa mkono juu ya kila muhuri, na mkono wa binadamu haurudii kitu sawasawa mara mbili.

Kisa kizuri mno ni cha dola ya Lafayette. Sarafu hiyo ya fedha ilitolewa kusaidia ujenzi wa sanamu ya Jenerali Lafayette mjini Paris, sanamu ambayo watoto wa shule wa Marekani waliichangia senti zao. Dola 50,000 ziligongwa tarehe 14 Desemba, 1899, siku ilipotimia miaka 100 tangu kufariki kwa George Washington, ingawa juu yake umeandikwa mwaka 1900. Kwa kuwa zilitengenezwa kwa wakati mfupi na kwa idadi ndogo, ingekuwa rahisi kudhani kwamba zote ni sawa.

Kumbe sivyo. Waliokaa na kuzihesabu waliona kwamba tawi la mtende lililo chini ya sanamu lina majani 14 katika sarafu nyingine, na 15 katika nyingine. Kikonyo cha tawi kimekuwa kirefu hapa, kifupi pale, na kwingine kimepinda. Upande wa kichwa nako herufi kadhaa zina dalili ya kugongwa upya. Basi mihuri ilikuwa mingi. Sarafu hazikubadilika. Kilichobadilika ni jicho la mtazamaji, aliyekuwa na subira ya kuhesabu majani ya mtende.

Lakini uangalifu unatakiwa, kwani si kila tofauti ni ya bahati mbaya. Mwaka 1921 ilitolewa nusu dola ya kuadhimisha miaka 100 ya jimbo la Alabama, nyingine zikiwa na alama ya 2X2, kwa kuwa Alabama ni jimbo la 22. Mwaka huo huo jimbo la Missouri, ambalo ni la 24, lilipata yake, nyingine zikiwa na tarakimu 2 na 4 zilizotengwa na nyota. Mwaka 1922, miaka 100 tangu kuzaliwa kwa Jenerali Grant, baadhi ya nusu dola zake zilitiwa kinyota kilichozama. Tofauti hizi zilitiwa kwa makusudi, ili mkusanyaji mmoja alazimike kununua sarafu mbili.

Penye tamaa hapakosi mjanja. Nusu dola za Grant zenye nyota ni chache kuliko zisizokuwa nayo, na kwa hiyo ni ghali. Wakatokea watu wa kuchukua ile ya kawaida na kuigonga nyota kwa msumari wao. Hata hivyo, pigo hilo mara nyingi huacha ushahidi: upande wa pili, mkabala na nyota, nakshi huwa zimebonyea na kuwa bapa. Mwizi alisahau kwamba sarafu ina pande mbili.

NYUMBANI KWAKO

Huna haja ya vyombo vya gharama, ndugu msomaji. Tafuta kioo cha kukuzia kama kile watumiacho masonara na mafundi saa, kinachokuza mara 5 hadi 10. Keti karibu na dirisha, au tumia taa moja tu. Mwanga utoke ubavuni, usitoke juu, maana mwanga wa ubavuni huonyesha vimo. Izungushe sarafu polepole. Kivuli cha uongo hutokea na kupotea kadiri unavyozungusha, bali udufu wa kweli hauhami mahali pake.

Tafuta sarafu ya pili ya aina hiyo hiyo uilinganishe nayo. Kama unayo ile shilingi tano ya mwaka 1971 yenye pembe kumi, iliyoadhimisha miaka 10 ya Uhuru, au shilingi 20 ya mwaka 1981 ya kuadhimisha miaka 20, zitandaze mezani pamoja na watoto na mzisome herufi kwa herufi. Hata msipopata kitu cha kuuza, mtakuwa mmejifunza kutazama.

Jambo kuu la kukumbuka: usiisafishe. Najua, kwa sababu nilikosa. Nilipokuwa kijana marehemu baba alinipa sarafu ya kale, nami kwa furaha nikaisugua kwa majivu na ndimu mpaka ikang'aa kama sufuria ya harusi. Nilipoipeleka kwa mtu anayezijua, aliigeuza mara moja tu akanirudishia. Alama zote ndogo zilikuwa zimekwenda na majivu. Weusi wa sarafu kuukuu ndio ngozi yake, na ukiichuna hairudi.

JIBU LA BIBI

Siku ya saba tulifuatana mimi na Bibi hadi kwa sonara mmoja mtaani. Kwanza aliiweka mizanini. Nusu dola hiyo ilipotoka kiwandani ilikuwa na uzito wa gramu 12.5, na ya Bibi ilikuwa pungufu kidogo tu, kama ilivyo ada ya sarafu iliyopita mikono mingi. Ilikuwa ya kweli, si chapa ya bandia.

Kisha tukaitazama kwa kioo chake. Tulikwenda kwenye neno COLUMBIAN, ambalo dalali alimwonyesha Bibi. Kweli, ubavuni mwa kila herufi palikuwa na mstari wa pili. Moyo wangu ulidunda. Lakini tulipouleta mwanga upande, mstari ule ulikuwa bapa na umelala chini. Herufi zilikuwa zimekonda. Vimkia vyake vilikuwa vizima, hakuna hata kimoja kilichogawanyika. Sonara, ambaye hakuwa amesoma vitabu nilivyosoma mimi, alisema kwa lugha yake mwenyewe: "Hii imesukumwa, haikuandikwa mara mbili."

Nilimpa Bibi kioo atazame mwenyewe, maana niliona si haki ayapokee maneno yetu kama alivyoyapokea ya dalali. Alitazama kwa muda mrefu. Hatimaye akasema, "Nakiona hicho kidaraja." Akaifunga sarafu katika fundo lake.

Jioni ile alimpelekea mjukuu karo yake, laki mbili zikiwa kamili. Dalali alirudi juma lililofuata. Bibi alimkaribisha, akamwomba amwonyeshe vimkia vilivyogawanyika viko herufi gani. Yule bwana aliaga, na hajarudi tena.

Nilimwuliza Bibi kama amesikitika kwa kuikosa nyumba. Alicheka. Alisema kwamba kwa miaka yote hiyo alidhani yule mtu juu ya sarafu ni mfalme wa Kiingereza, na kwamba sasa, akijua kuwa ni nahodha na merikebu yake, ameelewa kwa nini mumewe hakuitumia hata siku za shida.

Ndugu msomaji, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Huenda kopo lako lina sarafu yenye udufu wa kweli, na huenda halina. Literemshe, uiname, utazame kwa makini. Wala usimlipe mtu yeyote akuambie kilichomo kabla hujakitazama kwa macho yako mwenyewe.